Waya Mwekundu Kushoto

Taa hii ina matawi sita na imenichosha wiki mbili.
Tuliishusha kwa kamba, mimi na Waiswa,
katika nyumba ya Bi Kagoya, Barabara Kuu, Jinja,
ile yenye mwaka uliochorwa juu ya mlango.
Tarakimu ya mwisho imebanduka,
basi kila mtu huipa nyumba umri autakao.

Juu ya shaba, rangi: nyeupe, chini yake kijani,
chini ya kijani buluu ya shule.
Kila aliyekaa humu alipaka ya kwake
bila kukwangua ya mwenzake.
Nikakwangua kwa kisu butu, nikasugua kwa ndimu na majivu
hadi vidole vikanuka senti za zamani.
Siku ya nne shaba ikachungulia,
kidogo, kama jicho la mtu aliyeamshwa
asijue bado kama akasirike.

"Kampala wanauza mpya," Waiswa alisema.
Bi Kagoya, muuguzi mstaafu, hakuinua kichwa:
"Mpya nimezikalia miaka thelathini wodini.
Ndefu, nyeupe, kila mgonjwa chini yake ni maiti.
Mimi nataka taa ya kulia chakula."
Kisha akanigeukia:
"Na wewe, Kiswahili chako cha kambini,
kila neno limefunga mkanda."
Kweli. Baba alikuwa dereva wa jeshi.

Ndani ya kikombe cha shaba kinachoziba dari
nilikuta nyumba ya nyigu, tupu,
na nyuma yake mstari wa penseli,
herufi zinaning'inia kama nguo kambani.
Kigujarati.
Nikajua ni jina. Ni lake tu,
yule aliyefunga mlango mwaka ule wa siku tisini
akaacha sufuria mekoni.
Nikakifunga kikombe kwa gazeti,
nikatembea nacho polepole, kama mwenye barua ya msiba,
hadi kwa Bwana Hasmukh wa duka la rangi.

Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena.
Akacheka hata akashika kaunta.
"Jina? Hakuna jina.
Imeandikwa: waya mwekundu kushoto."

Nikarudi na aibu yangu, nikapanda ngazi.
Mwekundu upi? Nyaya zote mbili
zimevaa kitambaa kilichooza, nyeusi kama masizi.
Ila kushoto ni kushoto.
Nikagusisha kipimio: kikawaka.
Mtu nisiyemjua, pengine amekufa,
ameushika mkono wangu, akausogeza pembeni.

Chengeu la sita lilivunjika zamani.
Nimepata jingine soko la Walukuba,
lina ukijani kidogo, halifanani na ndugu zake.
"Liache," alisema Bi Kagoya. "Kila familia inalo."

Kabla ya kuipandisha nikaomba penseli,
nikaandika chini ya mstari wake:
*Kweli. Siku hizi ni wa kahawia. Bado kushoto.*

Saa moja jioni tukabonyeza swichi.
Giza. Mtaa mzima giza,
na bwawa la umeme liko hapo tu, ng'ambo ya mji.
Tukala kwa mshumaa, tumekunja shingo,
mpaka Waiswa, kijiko mdomoni, akaanza kuhesabu:
moja, mbili, nne, sita.
Hakuna aliyepiga makofi.
Bi Kagoya akaitazama sahani yake kwa muda.
"Kumbe," akasema, "mchuzi nimeuunguza."