Hodi Ubavuni

Chake Chake, saa tatu, tumbo tupu tangu jana.
Mize ananilaza chali, mkono wa kulia kisogoni
kama mtu aliyechoka kupalilia mpunga.
Mafuta ya baridi ubavuni. "Usitikisike, mama."

Kidude kinagonga. Tok.
Kinasikiliza. Tok.
Mara kumi kinapiga hodi,
na mimi, mwenye nyumba,
sijui nani huko ndani atasema karibu.

Kaka yangu Khatibu walimchoma sindano ndefu,
macho yameshakuwa bizari.
Mimi hata gauni sikulivua lote.

Namuuliza Mize: hii yaona na maneno?
Maana wifi yangu Bikombo
amenikata maini miaka ishirini
na kisu hajakishika.
Mize anacheka hata kipimo kinakosea.
"Tuanze upya. Pumua. Tulia."

Tano nukta moja, yaandika mashine.
Laini. Hakuna kovu.

Nikasema tazama tena.
Akatazama tena.

Nikajifuta kwa pindo la kanga, nikatoka,
pale getini nikanunua muhogo wa kuchoma,
nikala nimesimama, mtu mzima mimi,
na kipande cha pili nikamfungia Bikombo,
pilipili nyingi.