Daftari la Mwalimu Khaoya

Makesha mia mbili na kumi, hapa Chwele,
na neno lililojaa daftarini ni moja:
mawingu.
Tarehe, saa, mawingu.
Mvua ya Elgon haijui darubini ni nini.

Nasipwondi, aliyerithi daftari pamoja na deni la karo,
anafungua ukurasa unaonuka mafuta ya taa:
*Kilimia kimeinamia magharibi. Mama kapanda wimbi.*
Halafu, ubavuni mwa Zohali, nukta ya penseli
na neno: *sijui.*

Pengine Baghdadi, karne nyingi nyuma,
yupo aliyeandika sijui, akatia tarehe,
akaenda kulala vidole vimekufa ganzi.
Mwingine akaja, akajua.

Leo stima zimepotea hadi Kimilili.
Nasipwondi anachonga penseli,
anaandika saa,
anainua uso.