Nguzo ya Tisa

Dada yangu Ladina alinunua tikiti ya siku nzima,
faranga hamsini na nane,
akaivaa mkononi kama bangili ya arusi.
Mimi nilitia gia nyepesi kuliko zote,
nikamwambia: mchumia juani.
Hakujibu. Kiti kikamzoa kwa nyuma ya magoti
kama mtoto anayebebwa bila kuulizwa,
na baiskeli yake ikamfuata, imetundikwa kwenye kulabu,
gurudumu la mbele likizunguka hewani, bure.

Saa mbili asubuhi. Umande wa Engadina.
Kengele za ng'ombe upande ule jua halijafika.

Nikwambie ukweli wa kupanda:
hakuna mawazo makubwa huko.
Kuna jiwe, halafu jiwe.
Kuna jasho linaloingia jicho la kushoto tu, sijui kwa nini.
Kuna kuhesabu pedali mpaka mia,
kisha kujidanganya kwamba kona ile ndiyo ya mwisho.
Saa moja na nusu ya kwenda
kwa dakika kumi na moja za kurudi.
Kwa muda huo Ladina ameshateremka mara nne,
ananipita breki zikilia,
"Duri! Bado uko hapo?"
na vumbi lake nalila mimi.

Nilikuwa na fahari, nakiri.
Fahari ya mtu anayetafuna mkate mkavu
mbele ya walioshiba, ili wamwone.

Saa sita upepo ukashuka kutoka kwenye barafu
na lifti ikasimama.
Viti vyote vikabaki vikibembea,
na katika kimoja, juu ya utosi wangu,
viatu vya dada yangu.
Nilicheka mpaka nikashuka kwenye baiskeli.
"Haya, sasa nani anapanda?"
"Wewe," akasema. "Mimi nasoma."
"Unasoma nini?"
"Baba."

Baba alizitia grisi nguzo hizi miaka thelathini na mmoja.
Alizikwea kwa ngazi, Januari, vidole vikigandia chuma.
Hata siku ya Pasaka alinuka grisi,
mama akitandika gazeti kwenye kiti chake kabla hajakaa.
Baiskeli mlimani hakupanda kamwe.
Mlima ni kazi, alisema,
na kazi haiendwi likizo.

"Ameandika kwa rangi nyekundu," Ladina akapaza sauti,
"upande wa viti. Wa chini haoni.
*Leo mvulana. Kilo nne.* Na mwaka wako."
Upepo ukala maneno mengine.
"Yangu iko nguzo ya tatu. *Leo msichana. Theluji.*"

"Miaka yote hii hukuniambia?"
"Miaka yote hii hukupanda."

Kisha, taratibu, kama anayekunja nguo:
"Mchumia juani hulia kivulini, sawa.
Nani alichuma, Duri?
Na hiki nilichokalia ni nini, kama si kivuli?"

Nilitaka kumjibu. Waya ukashtuka,
viatu vyake vikaondoka.

Alasiri nilikwenda dirishani.
Safari moja, faranga kumi na nne, sikubishana na bei.
Chuma kikanishukia mapajani.
Nikaanza kuhesabu. Ya tatu niliiona,
*theluji* imechujuka, lakini inasomeka.
Nne. Tano. Sita.
Chini, njia yangu: uzi kwenye majani,
na mzee mmoja akiipanda kwa baiskeli nzito,
mgongo umepinda, anasimama, anaendelea,
anasimama.
Nikamtazama mpaka ile kona ya uongo,
nikimsaidia kupumua.
Magurudumu ya waya yakagonga juu yangu,
nikainua macho.

Kumi na mbili.

Sikumbuki nilivyoteremka.
Nakumbuka binti wa tikiti, kalamu sikioni,
akinitazama vumbi usoni, helmeti imekaa upande.
"Moja tena," nikamwambia.