Pafu Huelea

Dakika nzima, bila kuiba sekunde.
Ndivyo nilivyofundishwa: mtoto asilie, asinyonye,
fulana ipandishwe hadi kwapani,
nawe utazame tumbo, usitazame uso,
maana uso utakutia huruma ukosee hesabu.

Hamsini na nane.
Nikarudia. Hamsini na tisa.
Rolin, miezi kumi na tisa,
na kila alipovuta pumzi ngozi chini ya mbavu
ilibonyea ndani,
kama godoro juu ya chaga zilizovunjika.

Nje jalidi ilikuwa bado imeshika nyasi.
Alpaka walisimama zizini, migongo meupe.
Ndani, jiko la samadi lilifuka.
Nikasema jiko litoke nje.
Wakaniuliza: nje wapi?

"Ni baridi imemwingia," alisema Eufrasia,
"alilala bila kofia usiku wa mvua ya mawe."
Si baridi, nikasema. Si baridi peke yake.
Nikatoa picha yangu, ile ya semina ya Puno:
mapafu ni mti uliopinduliwa,
shina juu, matawi chini,
na kwenye ncha za matawi vifuko vya hewa, mamilioni,
kila kimoja chembamba kuliko utando wa yai.
Vijidudu vimeingia, nikasema. Vifuko vimejaa usaha.
Hewa inabisha hodi, nyumba imejaa maji.

Eufrasia aliitazama picha kwa adabu.
Mita elfu nne na mia tatu juu ya bahari
miti haioti.
Ule wa nyuma ya shule ulikauka mwaka uleule ulipopandwa.
Akaitikia ndiyo, ndiyo,
ile ndiyo ya kumwaga mgeni.

Ndipo Nicolasa, mama mkwe, pembeni na pia yake ya sufu,
ambaye kwa miaka sita nikija hapa
hajanisemesha ila kuniuliza kama nimekula,
akasema kwa Kikechua, pia ikizunguka:
"Pafu lake, ukilitia kwenye beseni, litaelea?"

Nikanyamaza.
Nilisoma miaka mitatu na hakuna aliyeniuliza hivyo.

Kwa maana kila anayechinja analijua pafu.
Lile zima ni la waridi, jepesi kama mkate,
watoto hulipuliza likavimba wakacheka,
ukilitupa majini linakaa juu.
Na lipo lile la mnyama aliyekuwa akikohoa:
limeiva wekundu mweusi, limeshupaa kama ini,
linakwenda chini bila povu.
Hilo hupewa mbwa.

"Litazama, mama," nikasema.
"Si lote. La kulia, sehemu ya chini."

Nikamvika Eufrasia vipokea sauti.
Kushoto alisikia upepo wa kawaida.
Kulia, chumvi ikidatadata kwenye kikaango.
Akabana pumzi zake mwenyewe ili asikie vizuri,
akakaa hivyo muda mrefu, hata nikaogopa.

"Anazama," akasema,
"hapa, nchi kavu, mikononi mwangu."

Hakuuliza tena habari ya kofia.
Akashika kijiko, nikapima dawa ya kwanza,
nusu ikamwagika shingoni, tukapima upya.
Nikapanda kilimani kutafuta mtandao wa simu
niite gari lenye mtungi wa oksijeni.
Saa mbili na nusu tulingoja.
Nicolasa akauliza mara moja tu:
"Lililozama huibuka?"
Nikasema huibuka.
Kwa alpaka hakuna aliyewahi kungoja aone.

Siku ya tisa walirudi kutoka hospitali.
Nikapandisha fulana. Tumbo lilipanda, likashuka,
mbavu zikabaki mahali pake.
Thelathini na nne.
Nikarudia. Sikuwa na shaka, ilikuwa tamaa tu.

Picha yangu nimeikuta ukutani, kando ya kalenda,
Nicolasa ameigandisha kwa uji wa unga,
kichwa chini miguu juu:
shina ardhini, matawi angani.
Sikuigeuza.