Kabla Theluji Haijaamka

Siku ya kwanza hatukusemezana.
Mikoba ilisema kwa niaba yetu:
sufuria ikigonga kikombe, kikombe kikigonga kisu.
Iagora mbele, mimi nyuma,
kati yetu hatua thelathini
na kondoo mia mbili na kumi ambao hawapo.

Aliwauza Oktoba. Sikuulizwa.
Nilikuwa Tiblisi, nyuma ya kaunta ya duka la dawa,
nikihesabu vidonge vya presha vya watu wengine,
simu ikaleta picha ya zizi tupu
na maneno mawili: Nimechoka, Tsiala.

Njia ni ileile aliyoizunguka baba kila Julai:
kutoka Omalo, kupita minara ya mawe, malisho ya juu,
bonde la pili, kisha Omalo tena kwa mlango wa nyuma.
Siku nne ukienda na mbwa.
Ukienda na hasira, hakuna ajuaye.

Vijito vidogo havina neno.
Unaruka jiwe, jiwe, jiwe jeusi lenye utelezi, jiwe.
Cha tatu kilinijaza maji viatuni.
Iagora aligeuka, akaona, akaendelea.
Nikalihesabu na hilo.

Mto wenyewe tuliufikia siku ya tatu, saa kumi jioni.
Kila mtoto wa Tusheti anajua
kwamba mto wa barafu huvukwa alfajiri,
kabla theluji haijaamka kule juu.
Jioni yote huwa imeshuka bondeni
na chini ya maji mawe yanatembea: ngo, ngo,
kama watu wanaohamisha makabati usiku.

Tulichelewa kwa sababu yangu.
Nilikaa mno kwenye kibanda cha juu
nikipapasa mlangoni mikato ya kisu cha baba,
mkato mmoja kwa kila kondoo ishirini.

Ng'ambo alisimama Ushangi na farasi wake wa kijivu,
yule anayewavusha wageni kwa malipo.
Alipaza sauti, mto ukaimeza.
Iagora akatikisa kichwa.
Mtu wa hapa havushwi kama gunia la chumvi.

Waliosema damu ni nzito kuliko maji
hawakusimama hapa saa kumi jioni.

Tukalala ukingoni. Mkate wa Eteri,
na jibini ya kununua, mwaka wa kwanza.
"Chumvi imezidi," nilisema.
"Imezidi," akasema.

Gizani ndipo aliponieleza habari za goti.
Na siku kumi na tisa za kulishusha kundi peke yake,
mbwa wawili, kisha mbwa mmoja.
"Ulipiga simu mara ngapi?"
Mimi ninayehesabu kila kitu
nikajifanya nimelala.

Saa kumi na moja mto ulikuwa wa mapajani.
Legeza mkanda wa kiuno, mkoba ukikuvuta uuachie.
Uso uelekee maji yanakotoka.
Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge;
sisi tulivua soksi tu, tukarudisha viatu,
tukashikana mabega bila kutazamana.

Katikati goti lake likakataa.
Nilimdaka ukosini,
vile tulivyowadaka wakaidi siku ya kukata manyoya,
nikamvuta, nikamtukana, nikamvuta.
Naye, maji kifuani, midomo ya buluu,
akalia: "Meee."

Ng'ambo tulitetemeka tukicheka hadi nikalia kweli.
Ushangi alitazama kando, akamfunga farasi hatamu
iliyokuwa imefungwa tayari.

Sijamsamehe. Saa nne nilikuwa nimekasirika upya
kwa ajili ya kondoo dume mwenye pembe moja.
Ila siku ya nne nilitangulia mimi,
na kila niliposikia ule mguu ukichelewa kwenye changarawe
niliinama kufunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.