Ninga kwenye Mkuyu wa Bakhiti

Amekuja tena. Simwoni, nasikia tu
makuyu yakidondoka juu ya gari la Bakhiti,
to, kimya, to to,
na manyunyu ya kharifu hayana uzito huo.

Salala msimu huu inabidi usimame, usipepese.
Mkuyu ni kijani, naye ni kijani;
majani yanatikisika pasipo upepo,
ndipo tawi linapoota jicho.

Halafu anageuka, tumbo linawaka:
manjano ya bizari iliyomwagika
kwenye kanga kuukuu.
Kichwa na kifua, majivu yaliyoguswa na mchaichai.
Begani doa la zambarau, dogo,
utadhani alibeba kapu la zambarau likamvujia.
Miguu minene, ya manjano nayo.

Mama mkwe, Bi Shinuna wa Wete, hakubali.
"Huyo si ninga. Ninga wa Pemba tumbo lake kijivu,
ana haya. Huyu kavalia harusi."
Miaka arobaini na moja yuko Salala,
bado anapima kila kitu kwa pishi ya Pemba.

Na kula anavyokula! Hadonoidonoi.
Ananing'inia kichwa chini,
anabana kuyu zima, shingo inavimba,
limepita. La pili. La tano.
Kwetu kuyu limeharibiwa jina:
nje wekundu, ndani wadudu.
Yeye methali hiyo hakufundishwa.
Anameza wekundu, wadudu na mbegu zote,
anafumba macho.

Bakhiti anatoka na ndoo na kitambaa.
Gari jeupe, la miezi miwili,
limechorwa ramani ya visiwa visivyo na jina.
"Wallahi mti huu naukata!"
Kila kharifu huapa.
Shoka lake nalijua, liko nyuma ya mtungi wa gesi,
halijaonja hata kuni.

Leo Bi Shinuna kanivuta mkono hadi nyuma ya jiko,
chini ya tangi la maji, penye ufa wa ukuta.
Mche.
Majani matatu, upana wa ukucha.
Hakuna aliyeupanda.
"Usimwambie Bakhiti,"
akaumiminia maji yaliyobaki kwenye birika la udhu.
Juu, kwenye ukungu, kitu kikapiga mbawa.
Hakuinua uso.
"Bado si ninga," akasema.
"Lakini ana mkono wa kupanda."