Sikutia Chumvi

Theluji iliyeyuka Machi, lakini shamba letu
likabaki jeupe.
Dereva aliyetoka Tashkenti akauliza
mbona huku baridi imesahau kuondoka.
Si baridi, nikamwambia. Onja.
Hakuonja.

Mimi nilikwishaonja nikiwa na miaka sita,
fuko la pamba shingoni, vidole vimechanika,
nikilamba donge la udongo
kama watoto wengine wanavyolamba peremende.
Mama alinichapa. Baba alicheka:
"Huyu atakuwa bibi shamba."
Alikuwa anatania.
Nami nikalichukua lile neno
nikaliweka akiba, kama mbegu.

Chuoni Urganchi tulikuwa wasichana watatu
kati ya wanafunzi arobaini na mmoja.
Nilijifunza majina ya vitu ambavyo ulimi wangu ulivijua zamani:
sodiamu, kloridi, salfeti.
Nilijifunza kuchimba shimo hadi kiunoni,
kusimama ndani yake
na kuusoma ukuta wa udongo tabaka kwa tabaka.

Shangazi Oynisa aliniletea wachumba,
wa kwanza mwenye duka la simu,
wa pili mwenye meno mawili ya dhahabu.
"Mchimba mashimo ataolewa na nani?"
Na mtu asiyeogopa mashimo, nikamjibu.
Bado sijampata.
Mashimo ninayo mia mbili na kumi na saba.

Kazi ya kwanza: kupima mashamba ya ukingo wa kushoto wa mfereji,
namba arobaini hadi hamsini na nane.
Hamsini na mbili ni letu.

Nilipima mara tatu.
Nilisafisha kipimo kwa maji ya chupa, nikapima mara ya nne.
Kipimo hakijui baba wa mtu.
Nikaandika: pamba ikome kwa miaka minne.
Upandwe ule mmea wenye mzizi mtamu
unaojiotea wenyewe kando ya maji,
ambao baba ameung'oa maisha yake yote
akiuita gugu.

Aliisoma kwa miwani yake iliyofungwa uzi,
kidole kikifuata mstari hadi kwenye sahihi yangu.
"Umetia chumvi," akasema.
Hapana, baba. Chumvi niliikuta.

Hakusema nami tena
mpaka pamba ya majirani ikapasuka.

Asubuhi moja ya Oktoba, buti zikiwa mkononi,
nilimkuta amepiga magoti ukingoni mwa mfereji,
anachimbua yale magugu polepole, mzizi usikatike,
anayafunga kwenye gunia bichi.
Akauliza, bila kuinua kichwa,
yazikwe kina gani.
Sentimita kumi, nikasema.
Akakichomeka ardhini kidole chake cha kati,
kile chenye kucha nyeusi,
kisha akanitazama
aone kama kinatosha.